Mchwa nyumbani na bustanini: mwongozo kamili wa kuwatambua, kuwakatia njia na kuwamaliza

Fremu ya mlango inaonekana nzima na rangi yake bado inang'aa, lakini ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kama karatasi. Ndivyo mchwa wanavyokula: kwa ndani, wakiacha ganda la nje, kwa hiyo unapogundua huwa kazi imeshafanyika muda mrefu. Wengi wakiona hivyo hukimbilia duka la pembejeo, wananunua chupa ya dawa, wanapulizia palepale. Wiki chache zinapita, mchwa wanatokea chumba cha pili.

Wale uliowaona kwenye fremu ni wachumaji tu. Kundi lenyewe, pamoja na malkia na watoto, liko ardhini, pengine nje kabisa ya uzio wako. Ukiwaua mia hapo ukutani, malkia anataga maelfu kwa siku. Vita na mchwa unavishinda au unavishindwa mahali mbao inapokutana na udongo, na mahali maji yanapotuama kwenye msingi. Ukipashughulikia hapo kwanza, dawa itafanya kazi yake. Ukiparuka, utanunua dawa kila mwaka.

Kwanza jua ni mdudu gani

Mbao inaliwa na wadudu wa aina tatu, na tiba zao hazifanani. Angalia uchafu wanaouacha.

Ukiona udongo, yaani vijia vyembamba vya tope lililokauka vinavyopanda ukutani au ndani ya mbao yenyewe, hao ni mchwa wa ardhini. Mwili wa mchwa ni laini na unakauka haraka kwenye hewa na jua, ndiyo maana hawatembei wazi. Hujenga njia ya udongo yenye unyevu kutoka ardhini hadi kwenye chakula. Sehemu kubwa ya uharibifu wa nyumba zetu ni kazi ya hawa.

Ukiona chembe ndogo kavu zinazofanana na mchanga au mbegu ndogo sana, zimerundikana chini ya kabati au kwenye kizingiti cha dirisha, na hakuna udongo popote, hao ni mchwa wa mbao kavu. Chukua chembe uzitazame kwa kioo cha kukuzia: zina pande sita. Hawa hawahitaji ardhi kabisa. Kundi zima linaishi ndani ya mbao, na wamezoeleka zaidi Pwani kwenye hewa ya unyevu. Fundi anayetaka kumwaga dawa kwenye msingi kwa sababu ya chembe hizi anakupotezea pesa.

Ukiona unga laini mno, wa ulaini wa poda, unaomwagika kutoka kwenye vitundu vya mviringo vya milimita moja au mbili, hao si mchwa. Ni wadudu wanaobungua mbao, na hupenda mianzi pamoja na sehemu nyeupe ya nje ya mti.

Kumbikumbi nao huwatia watu hofu mvua za kwanza zinapoanguka. Kumbikumbi waliovutwa na taa ya barazani hawana maana kubwa, kwa sababu wanaruka kutoka mbali. Wanaotoka kwenye ufa wa sakafu, nyuma ya skatingi (ubao wa chini ya ukuta) au chini ya fremu ndani ya nyumba ndio habari mbaya, maana kundi liko chini yako. Hakikisha kwanza kwamba si sisimizi wenye mabawa. Kumbikumbi ana mabawa manne ya urefu mmoja na kiuno kinene. Sisimizi ana kiuno chembamba, vipapasio vya kichwani vilivyopinda, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma.

Ukaguzi: tenga siku nzima

Chukua tochi yenye mwanga mkali, bisibisi ya bapa, penseli na karatasi. Chora ramani ya nyumba, hata kama ni ya mkono tu, kwa sababu baada ya chumba cha tatu utasahau ulichokiona cha kwanza.

Anza nje. Zunguka msingi wote taratibu ukitazama ukanda kati ya ardhi na mita moja juu. Sogeza kila kilichoegeshwa ukutani: mbao zilizobaki kwenye ujenzi, matofali, magunia, kuni, maboksi. Vijia vingi hufichwa na vitu hivi. Tazama pale ngazi za barazani zinapogusana na ukuta, panapopita mabomba, na nyuma ya mimea iliyopandwa karibu na nyumba.

Ndani, anzia vyumba vyenye maji. Bafu, choo na chini ya sinki la jikoni hutoa majibu mengi kuliko sebule, kwa sababu bomba linalovuja kidogo kidogo huwapa mchwa unyevu wanaoutafuta. Kisha fremu za milango na madirisha: gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu. Mbao nzima hutoa mlio mzito. Iliyoliwa hutoa mlio wa uwazi. Palipolia uwazi, choma kwa ncha. Makabati yaliyojengewa ukutani yafungue na utazame mgongo wake.

Maliza darini. Watu huliruka paa kwa kudhani mchwa hawapandi juu, ilhali wanapanda vizuri sana. Kwenye kuta za tofali za bloku wanapita ndani ya matundu ya tofali bila kuonekana, na kwenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kama za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, wanapita katikati ya ukuta mnene uliojengwa kwa chokaa na udongo, wakaibukia kwenye vichwa vya boriti. Angalia kenchi na papi pale zinapokalia ukuta, na uangalie zaidi ambapo bati linavuja. Dari la jipsamu lina karatasi juu yake, na karatasi kwa mchwa ni chakula.

Ukikuta kijia, usikibomoe chote. Vunja kipande cha sentimita mbili katikati, andika tarehe ukutani kwa penseli, uondoke. Rudi baada ya siku tatu au nne. Kikiwa kimezibwa kwa udongo mbichi, njia inatumika. Kikibaki wazi, inawezekana wamehama, ila hiyo si ruhusa ya kusahau. Kwa sasa usipulizie dawa ya mende ndani ya kijia, maana utawafanya waiache njia unayoijua na kuchimba nyingine usiyoijua.

Kata njia kabla ya kugusa dawa

Kazi hii haina gharama kubwa na ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Ondoa kila mbao inayogusa udongo. Kuni zihamishie mbali na nyumba na uzipange juu ya mawe au vyuma. Nguzo ya baraza iliyozamishwa ardhini ikatwe chini na ikalishwe juu ya kitako cha zege chenye kishikizo cha chuma, ili kati ya mbao na ardhi pawe na nafasi unayoweza kuiona. Fremu ya mlango wa nje ikiwa imeshuka hadi kwenye udongo, kata sehemu ya chini na uijaze zege.

Shusha udongo. Miaka inavyokwenda, maua, kifusi na mchanga wa mvua huinua ardhi ya nje hadi inapita usawa wa sakafu. Hapo mchwa wanaingia bila hata kujenga kijia. Chimba urudishe ardhi chini, uone angalau sentimita 15 za msingi ukizunguka nyumba yote.

Kausha. Ziba bomba linalovuja, elekeza maji ya paa mbali na ukuta, na bomba la kiyoyozi lisidondoshee maji msingini. Pandisha udongo kidogo kuelekea ukutani ili maji ya mvua yakimbilie nje. Bustani inayomwagiliwa kila jioni huku ikigusa ukuta isogezwe.

Ziba nyufa kwenye plasta, kwenye sakafu na pembeni mwa mabomba. Ufa wa milimita moja unawatosha. Kuziba peke yake hakuzuii kundi lililokwisha ingia, lakini kunapunguza milango.

Dawa kwenye nyumba iliyokwisha simama

Dawa za udongo ziko za namna mbili kuu. Ziko zinazowafukuza, kama bifenthrini na sipamethrini: mchwa wanazihisi na kugeuka, kwa hiyo ukiacha pengo hata dogo watalitafuta hadi walipate. Ziko zisizohisiwa, kama fipronili na imidaklopridi: mchwa anapita, anaibeba mwilini, anawaambukiza wenzake wakilishana na kusafishana, na wanakufa taratibu. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, ambako huwezi kufika kila mahali, napendelea hizi za pili. Matokeo yake yanachukua wiki kadhaa, na mtu asiye na subira hudhani ameuziwa maji.

Nunua dawa iliyosajiliwa kwa matumizi ya mchwa, ikiwa kwenye chupa yake yenye lebo. Tanzania usajili uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA; Kenya uko chini ya bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB. Akija mtu na chupa ya soda akikwambia ni "ile kali ya zamani," mkatalie. Aldrini, dieldrini na klordeni zilikuwa dawa za mchwa miongo iliyopita, zikawekwa kwenye orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa kimataifa wa kupiga marufuku kemikali sumu zinazodumu, kwa sababu zinakaa kwenye udongo miaka mingi na kujikusanya kwenye mafuta ya mwili wa binadamu na mifugo.

Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Tambua mahali mabomba ya maji na nyaya za umeme zilipopita, hasa kama utatoboa sakafu. Toa watoto, kuku, mbwa na nguo zilizoanikwa. Vaa glovu ndefu, buti, miwani na barakoa ya kemikali. Kitambaa puani hakitoshi.

2. Chimba mtaro mwembamba ukizunguka ukuta wa nje, upana sentimita 15, kina sentimita 30, bila kushuka chini ya kitako cha msingi.

3. Changanya dawa kwa kipimo cha lebo, si kwa kizibo wala kwa jicho. Kipimo cha kawaida cha kumimina ni takriban lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya mtaro wenye kina cha sentimita 30. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina mzunguko wa mita 36, kwa hiyo inahitaji kama lita 180. Ukimwona fundi amekuja na bomba la mgongoni la lita 16 na anasema linatosha nyumba nzima, mjue huyo anakuja kulowesha vumbi.

4. Mimina taratibu uache udongo unywe. Unaporudisha udongo mtaroni, urudishe kwa tabaka huku ukiulowesha pia. Hapa ndipo wengi hukosea: wanamwaga chini, kisha wanafukia kwa udongo mkavu usio na dawa, na mchwa wanapita humo humo.

5. Palipo na zege au vigae vinavyogusa ukuta, toboa matundu kwa drili yapishane sentimita 30 au pungufu, sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, ingiza dawa kwa shinikizo dogo, kisha ziba kwa saruji. Ndani ya nyumba fanya hivyo kwenye kuta zenye vijia hai, na kuzunguka mabomba ya bafuni na chooni.

6. Usimwage dawa kama mvua inakuja siku hiyo au udongo umelowa tope. Kama una kisima uani, bwawa la samaki au mfereji unaopita karibu, mwambie mtaalamu kabla ya kuchimba, na upande huo tegemea kukata njia badala ya dawa. Bifenthrini na fipronili huua samaki kwa kiasi kidogo sana, na fipronili na imidaklopridi huua nyuki.

7. Suuza chupa tupu mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishe kwenye mchanganyiko, kisha toboa chupa. Isitumike kuwekea mafuta ya taa wala maji.

Fremu iliyoliwa sana usijaribu kuiokoa, itoe. Iliyoguswa kidogo ikwangue rangi, ipake mchanganyiko wa boroni (dawa ya mbao ya chumvichumvi inayoyeyushwa kwa maji) mara mbili ikiwa mbao tupu, iache ikauke, ndipo upake rangi mpya. Boroni inafaa mbao za ndani peke yake, kwani mvua huiosha. Njia hii ndiyo inayosaidia pia dhidi ya mchwa wa mbao kavu na wabungua mbao, na kwao unaweza kuchoma dawa ndani ya vitundu kwa bomba la sindano.

Oili chafu inatajwa kila unapouliza habari ya mchwa. Inawakera kwa muda, ni kweli, lakini inachafua udongo, inanuka, inashika moto, na ikiisha nguvu mchwa wanarudi. Sioni sababu ya kuipaka kwenye nyumba ya kulala watu.

Unapojenga

Ukiwa bado kwenye msingi, uko kwenye siku ya bei rahisi kuliko zote. Ng'oa visiki na mizizi yote kwenye eneo la nyumba. Simamia mafundi watoe mbao za kufungia zege, vijiti vya vipimo na mifuko ya karatasi ya saruji. Vikifukiwa chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, umewaandalia mchwa chakula cha miaka. Dawa imwagwe kifusi kikishashindiliwa, muda mfupi kabla ya kumwaga jamvi, kwa lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba, kisha nailoni itandazwe juu siku ileile. Nyumba ya mita 80 za mraba inakunywa lita 320 hadi 400. Kaa hapo uone dawa ikifunguliwa na kuchanganywa.

Kwa mbao, kiini cha mninga, mvule na mtiki kinastahimili mchwa vizuri; sehemu nyeupe ya nje ya miti hiyo hiyo haistahimili. Paini isiyowekwa dawa usiipandishe paani. Mbao zilizowekwa dawa kiwandani, zile za rangi ya kijani, ukizikata paka dawa kwenye ncha mpya, na vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni kuwa kuni: nyingi zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.

Kichuguu uani

Kichuguu kilicho mbali na nyumba mimi ningekiacha. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hulima kuvu ndani yake kwa majani makavu, uyoga mtamu wa msimu wa mvua hutoka hapo, na udongo wake watu wanaujua kwa matofali na kusiribia kuta. Kilichosogelea msingi ndicho cha kuondoa. Chimba kwa sululu na beleshi lenye mpini mrefu, uanze ukiwa umepiga piga kwa mti, kwani vichuguu vikuukuu ni makazi ya nyoka. Malkia yuko kwenye chumba cha udongo mgumu katikati, mara nyingi usawa wa ardhi au chini yake. Ukimpata usiache kuchimba papo hapo, kwa sababu baadhi ya makundi yana malkia zaidi ya mmoja. Shimo lijaze na ulishindilie, kisha uwe unalitazama msimu mzima.

Bustanini

Hapa sheria inageuka. Dawa ya msingi wa nyumba isimwagwe kamwe kwenye tuta la mchicha, shina la mwembe wala shimo la mgomba. Utaila.

Mchwa hushambulia zaidi mmea wenye kiu au jeraha. Mche wa mchungwa uliopandwa mwisho wa mvua na kuachwa, mkaratusi mchanga, mahindi yaliyokauka shambani yakisubiri kuvunwa, karanga zilizochelewa kung'olewa: hivi ndivyo wanavyoanza navyo. Panda mwanzo wa mvua ili mizizi ishuke mapema, na kiangazi mwagilia kwa kina mara chache badala ya kunyunyizia juu kila siku. Tumia samadi iliyooza ikawa nyeusi. Samadi mbichi yenye majani makavu ndani ya shimo inawaita. Vuna kwa wakati.

Matandazo usiyaondoe yote. Mchwa wakikosa majani makavu watageukia mmea hai, kwa hiyo acha matandazo kati ya mistari, ila yasogeze kiganja kimoja kutoka kwenye shina. Majivu ya kuni kuzunguka shina husaidia yakiwa makavu, na yarudiwe baada ya mvua. Majani ya mwarobaini yaliyopondwa hupunguza mashambulizi kwenye kitalu. Uganda wakulima wa mahindi wamewahi kutandaza mabaki ya samaki na mifupa shambani ili kuwaita sisimizi, ambao ni maadui wakubwa wa mchwa, na inafanya kazi. Ndiyo maana kupulizia sisimizi wote bustanini ni kujiharibia.

Uzio wa miti iliyokufa utakula pesa kila baada ya miaka michache. Michongoma au minyaa iliyo hai haina shida hiyo.

Baada ya kazi

Rudi kwenye alama zako za penseli baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya miezi mitatu. Kuona mchwa wachache walegevu katika mwezi wa kwanza ni kawaida ukiwa umetumia dawa isiyohisiwa. Kijia kipya chenye udongo mbichi baada ya miezi mitatu kinamaanisha kuna pengo kwenye mzunguko wako. Usirudie nyumba nzima, tafuta pengo, ukianzia bafuni na pale zege la baraza linaposhikana na ukuta. Baada ya hapo kagua mara mbili kwa mwaka, vuli na masika zinapoanza, na kila mtu atakapochimba karibu na ukuta kupitisha bomba au waya, mwambie udongo wa mtaro huo unahitaji dawa upya kabla hajaufukia.